Tumbo likifunga ghafla, usingoje kupambazuke

Mama mmoja wa Nanyala, wilayani Mbozi, ameniandikia. Baba mkwe wake, mzee wa miaka zaidi ya 60, alikuwa na ngiri ya kinena kwa miaka mingi. Akibeba mzigo inatoka, akilala inarudi yenyewe, na nyumbani walishaizoea. Siku moja baada ya kupakia magunia ya mahindi ikatoka na kugoma kurudi. Tumbo likaanza kunyonga, akatapika, choo hakuna wala upepo hautoki. Siku ya kwanza alipewa haluli. Siku ya pili alikandwa kwa maji ya moto. Usiku wa siku ya tatu ndipo walipotafuta gari la kumpeleka Vwawa, na foleni ya malori ya barabara ile wasomaji wa Songwe mnaijua. Alifariki kabla ya kufika chumba cha upasuaji.

Anauliza mambo matatu. Je, mzee alirogwa, kama wanavyosema kwenye ukoo? Mume wake naye ana ngiri na anasema atakwenda hospitali baada ya mavuno, asubiri? Na je, ni kweli kwamba chanjo ya kuhara wanayopewa watoto husokota utumbo?

Pole sana, mama. Nianze na mzee.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6. Kila siku mate, maji ya tumbo la chakula, nyongo na majimaji ya utumbo wenyewe hufika lita 7 au 8, na karibu yote hufyonzwa tena humo humo. Njia ikizibwa, majimaji hayo hujaa nyuma ya kizuizi pamoja na hewa. Tumbo linavimba, mtu anatapika, mwili unakauka maji ingawa tumbo limejaa. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii huwa na kiu kali, macho yameingia ndani, mkojo kidogo na mweusi kama chai ya rangi.

Kwa mzee kulikuwa na baya zaidi. Kipande cha utumbo kilipita kwenye tundu la ngiri kikabanwa, na mishipa yake ya damu ikabanwa nacho. Utumbo uliokosa damu huweza kuanza kufa ndani ya saa sita hivi. Ukifa unatoboka, uchafu unamwagika tumboni, sumu inaingia kwenye damu. Hakuna mtu aliyemroga. Kuna tundu kwenye misuli ya kinena, na kuna siku tatu.

Na haluli? Dawa yoyote ya kuendesha humlazimisha utumbo kusukuma kitu kisicho na pa kupitia. Ni sawa na kuongeza maji kwenye mpira uliokanyagwa na tairi la lori. Hata kuisukuma kwa nguvu ngiri iliyobanwa ni hatari, kwa sababu unaweza kurudisha ndani kipande kilichokwisha kuoza, uvimbe ukapotea na mgonjwa akaendelea kufa huku nyumba nzima ikishukuru.

Ngiri si sababu pekee. Ulaya na Marekani kinachoongoza ni makovu ya ndani yanayobaki baada ya upasuaji, ambayo hushikanisha utumbo kama uzi uliojifunga. Kwetu nayo yapo. Kwa hiyo mama uliyewahi kujifungua kwa upasuaji, tumbo likifunga hata miaka kumi baadaye, mwambie daktari juu ya kovu hilo. Kuna utumbo mpana unaojisokota kama kamba upande wa kushoto chini. Huwapata zaidi wanaume, na tumbo huvimba likawa kama ngoma. Kuna uvimbe wa saratani kwa watu wazima, ambao mara nyingi hutanguliwa na wiki kadhaa za choo chembamba au chenye damu. Na kwa watoto kuna fundo la minyoo mikubwa ya mviringo. Mtoto akishafunga tumbo usimpe dawa ya minyoo nyumbani. Dawa hiyo ni ya wakati akiwa mzima.

Kwa watoto wachanga naomba mnisikilize zaidi. Kati ya miezi 4 na 10 hivi, sehemu ya utumbo huweza kuingia ndani ya sehemu inayofuata, kama mkono wa shati unavyoingia ndani yake unapolivua. Mtoto analia ghafla na kukunja miguu, ananyamaza, anacheza kidogo, kisha analia tena. Mama huambiwa ni chango, au meno. Baadaye anatapika kijani, na nepi inakuwa na ute mwekundu wa damu. Akianza kulegea na kulala tu, watu hudhani amepona. Hajapona. Huyo ni wa kukimbizwa.

Kuhusu chanjo: chanjo ya rota ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013, na kwa kuwa wasiwasi huo ulikuwepo duniani, ulichunguzwa. Watafiti katika nchi saba za Afrika, Tanzania, Kenya, Zambia na Malawi zikiwemo, walifuatilia watoto 717 waliopata tatizo hili na ambao rekodi zao za chanjo zilithibitishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018: baada ya chanjo hatari haikuongezeka. Mpeleke mtoto kliniki kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, maana chanjo hii ikichelewa sana hairuhusiwi tena.

Hospitali mgonjwa hafunguliwi tumbo mara tu anaposhuka garini. Kwanza anawekewa dripu kurudisha maji na chumvi, mpira mwembamba puani hadi tumboni ili kutoa majimaji yaliyojaa, na mpira wa mkojo. Anapigwa eksirei, mtoto anapimwa kwa utrasaundi. Makovu wakati mwingine huachia kwa matibabu hayo peke yake. Utumbo mpana uliojisokota, kama haujaoza, huweza kufunguliwa kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa, lakini msiombe ruhusa ya kurudi nyumbani siku hiyo, kwani hujisokota tena, upasuaji hufuata.

Ndani ya chumba cha upasuaji, daktari hulegeza kilichobana, kisha anaufunika utumbo kwa vitambaa vyenye maji vuguvugu na kusubiri. Ukirudi rangi ya waridi na kuanza kucheza, unaachwa. Ukibaki mweusi, unakatwa na ncha mbili zinaungwa. Pale ambapo kuunga papo hapo ni hatari, mdomo wa utumbo hutolewa nje ya ngozi na choo kupokewa kwenye mfuko, mara nyingi kwa miezi michache, kisha hurudishwa. Nimeona ndugu wakikataa kutia sahihi kwa sababu ya mfuko huo. Mjadala mmoja ulichukua saa nne ukumbini, na ndani tukawa tunahesabu mapigo ya moyo ya kijana wao.

Sasa mume wako. Asisubiri mavuno, kwa sababu mahindi yakiisha kuna kahawa, na kazi yote hiyo ni ya kubeba. Ngiri isiyobanwa hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, kwa ganzi ya mgongoni au ya sehemu tu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Tundu huzibwa kwa nyuzi au kwa wavu maalumu. Gharama ya wavu huo isimtishe: utafiti wa mashariki mwa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, kwa wanaume 302, ulionyesha kuwa wavu wa bei nafuu, wa aina ya kitambaa cha chandarua kilichotakaswa, haukuwa na tofauti ya maana na ule wa kiwandani wa bei kubwa baada ya mwaka mmoja. (Usikate chandarua chako ukamletea daktari, kuna aliyeniletea.)

Akapimwe wiki hii, Vwawa au Mbeya. Aulize bei ya kuzibwa ngiri na kama bima yake inaigharamia, na apange ni nani atakayebeba magunia kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Kabla ya siku hiyo, uvimbe ukitoka ukakataa kurudi, ukawa mgumu na unauma, asile, asinywe dawa ya kuendesha, na muondoke saa ile ile, hata kama ni saa nane za usiku. Namba ya mwenye gari iwe kwenye simu zenu wote wawili.