Kabla mtaalamu hajafika Berega

Mwanafunzi wa darasa la pili husimama kusoma, akakwama kwenye silabi ya kwanza, wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu mwenye darasa lililofurika humwonea huruma, akamwambia akae, asome mwingine. Huruma hiyo ikirudiwa kila siku, mtoto humaliza shule ya msingi bila sauti yake kusikika.

Mzazi wa Berega, chini ya milima ya Ukaguru wilayani Kilosa, akiambiwa mwanawe anahitaji tiba ya matamshi, macho yake huelekea Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 250. Wataalamu wa fani hii ni wachache mno nchini. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho sasa kinatoa shahada ya taaluma ya usikivu na matamshi. Ni habari njema, lakini mtoto aliye darasani leo hawezi kuwasubiri wahitimu hao wafike kijijini. Kazi ya mwanzo ni ya mwalimu, naye anaiweza.

Kwanza apambanue. Watoto wengi wa hapa huingia shule wakiwa na Kikaguru, wengine Kigogo au Kimaasai. Anayebadilisha r na l kwa sababu ndivyo wanavyosema nyumbani kwao hana ugonjwa wowote. Mwalimu amuulize mama au bibi swali moja: akiongea lugha ya nyumbani, wenzake wa rika lake wanamwelewa? Wakimwelewa, mtoto anahitaji Kiswahili zaidi, basi. Wasipomwelewa, hapo pana jambo.

Jambo lenyewe mara nyingi limo sikioni. Sikio linalotoka usaha kwa miezi humfanya mtoto asikie nusu ya neno, na anayesikia nusu husema nusu. Mwalimu asimame nyuma yake, amwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara kadhaa, apelekwe kupimwa, na hospitali ya Anglikana ya Berega iko papo hapo kwa kuanzia. Malaria nayo isisahaulike. Watafiti wa Kilifi, Kenya, waliwafuatilia watoto waliopona malaria kali, wakakuta baadhi yao wamebaki na upungufu wa lugha. Mtoto aliyekuwa akiongea vizuri, akaugua degedege na kupoteza fahamu, kisha maneno yakapungua, si mvivu.

Kuna familia ambazo hukimbilia kisu: mtoto akichelewa kuongea, akatwe kimeo. Nasema bila kusita kwamba kimeo hakimzuii mtu kusema, na kukikata kienyeji kumeleta damu nyingi na maambukizi. Udata, yaani utando unaoufunga ulimi kwa chini, ni jambo jingine. Upo kweli, lakini anayepaswa kuuamua na kuukata ni mganga wa hospitali. Na mtoto aliyezaliwa na kaakaa wazi, hata akishashonwa vizuri, kwa mfano katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, bado anaweza kuongea kwa puani. Upasuaji huziba tundu, ila mazoezi ndiyo yanayoufundisha ulimi na pumzi njia mpya.

Kigugumizi ndicho kinachonigusa zaidi, kwa kuwa darasa la Kitanzania lina dawa yake ya kuanzia bila kujua. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 100 duniani ana kigugumizi. Mara nyingi hufuata ukoo, wala hakihusiani na upungufu wa akili. Tena wengi wenye kigugumizi wakiimba, au wakisoma pamoja na wengine, maneno hutiririka. Kuitikia kwa pamoja, nyimbo za asubuhi, ngonjera: yote hayo tunayo. Kosa letu ni kumtoa mtoto kwenye sauti ya darasa zima na kumsimamisha peke yake ghafla. Apitie hatua za katikati. Asome na kundi la wanne, kisha na rafiki mmoja, kisha rafiki aanze naye sentensi na kumwachia aimalize. Akikwama, asimaliziwe neno, wala asiambiwe "tulia" au "vuta pumzi". Mwalimu amtazame usoni na kungoja. Na kicheko kikatazwe kwa ukali uleule wa kukataza wizi wa kalamu.

Walimu waliosomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi, Arusha, wanaweza kuwafundisha wenzao mambo haya wakati wa likizo, kata kwa kata. Lakini lipo la haraka zaidi. Upimaji wa darasa la pili humtaka mtoto asome kwa sauti mbele ya mtu asiyemzoea, na mwenye kigugumizi anayejua kusoma barabara anaweza kuandikwa hajui. Mwalimu mkuu ampe mpimaji taarifa mapema, mtoto aongezewe muda, na akishindwa kulitoa neno aruhusiwe kuonesha kwa kidole picha inayolingana nalo.