Remorke mbili nyuma ya gari moja: sheria inasema nini?

Sisi wafanyakazi wa mine tunaijua picha hii. Jipu inatoka Bukavu alfajiri kuelekea Kamituga. Nyuma imefunga jenereta ya magurudumu, na nyuma ya jenereta wamefunga kompresere kwa mnyororo. Juu yake vijana wawili wamekaa. Shofere akikataa, patro anamujibu: « Kama unaogopa, wako wengine wenye kutafuta kazi. »

Wakamarade wengi wanatuuliza kama jambo hilo linaruhusiwa.

Inchi yetu iko na Code de la route, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwaka mmoja mbele yake, 1977, ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya barabara. Mkataba huo unaachia kila inchi haki ya kukatalia magari ya kigeni yenye kukokota remorke zaidi ya moja, kama sheria yake ya ndani inakataza. Ni kusema, ruhusa ya jirani haiko ruhusa ya kwetu. Kule Tanzania na Kenya tunaona makamyo ya remorke mbili, lakini yanapimwa kwenye mizani na hayapashwe kupita tani 56. Kongo kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukupanua barabara ya Ngomo hata metre moja.

Mkataba ule unaweka pia mambo ambayo kila shofere anaweza kuchunguza yeye mwenyewe:

Permi. Permi ya gari ndogo inaruhusu remorke nyepesi, isiyopita kilo 750 pamoja na mzigo. Ikipita hapo, mara nyingi unapashwa kuwa na kategoria E. Kompresere kubwa ya chantier inapita kilo hizo kwa urahisi.

Freni. Remorke nzito inapashwa kuwa na freni zake, na zile freni zijifunge zenyewe kama kifungo kinakatika njiani. Ile nyepesi isiyo na freni kama hizo iwe na mnyororo wa pili wa kuisaidia.

Alama. Nyuma kuwe na pembetatu mbili nyekundu zenye kung'aa, juu usiku wa Mwenga hauna taa.

Sasa fikiria mashine mbili zisizo na freni kwenye mtelemko. Ya pili inasukuma ya kwanza, ya kwanza inasukuma jipu, na freni za jipu peke yake ndizo zinabeba yote. Kwenye kona, ile ya mwisho inayumba kama mkia. Wale vijana wawili wamekaa juu ya mkia huo.

Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamupa mwajiri jukumu la usalama kazini. Lakini kwenye bariere, polisi anamukamata shofere, si patro. Kwa hiyo tunawashauri: omba amri ya safari kwa maandishi, yenye jina la aliyekutuma na mashine ulizofungiwa. Akikataa kuandika, mwite delege wa syndicat mbele ya kuwasha moteri.

Tunachoomba ni kidogo. Mashine zikiwa mbili, magari yawe mawili, ao safari mbili. Na kijana akae ndani ya kabine.