Umemaliza mkopo wa nyumba, hati hupewi: yaliyowakuta walionunua Saiprasi

Wiki mbili zilizopita mamdogo wangu alinipigia kutoka Reading, Uingereza, anakofanya kazi ya kutunza wazee. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri, akaniuliza: "Mwanangu, wewe si ndiyo unasomasoma haya mambo? Hebu niambie, mtu anamalizaje deni la nyumba lote halafu anaambiwa nyumba bado si yake?"

Mzee anayemtunza (nitamwita Babu tu, jina lake halituhusu) alinunua nyumba Paphos mwaka 2007. Paphos ni ile Pafo ya kwenye Matendo ya Mitume, na Saiprasi ndiyo Kupro, alikotoka Barnaba. Siku hizi Waingereza wengi wanakwenda huko kuota jua wakistaafu. Babu alikopa, amelipa miaka kumi na tano, mwaka 2022 akamaliza. Barua ya benki ya kumaliza deni anayo kwenye faili. Hati miliki hana mpaka leo.

Nilidhani ni utapeli wa kawaida. Nikakaa chini nikasoma, kumbe ni mfumo mzima, na watu waliokwama humo ni maelfu kwa maelfu. Nawaeleza nilivyoelewa. (Nazungumzia upande wa kusini, wenye serikali inayotambulika kimataifa. Kaskazini, kulikovamiwa na Uturuki mwaka 1974, kuna balaa lingine la ardhi za watu waliofukuzwa, hilo tuliache.)

Iko hivi. Kampuni ya ujenzi inanunua shamba kubwa. Inakwenda benki, inakopa hela za kujengea, na inaweka shamba rehani. Kisha inagawa shamba nyumba ishirini kwenye ramani na kuanza kuuza hata kabla ya msingi kuchimbwa. Wewe mnunuzi unasaini mkataba na unalipa. Lakini unacholipia bado ni mkataba tu. Hati iliyopo ni moja, ya shamba zima, ina jina la kampuni, na juu yake kuna rehani ya benki. Hati yako itatoka siku nyumba zikikamilika, wakaguzi wa serikali wakiridhika na shamba likagawanywa rasmi.

Na hiyo siku ndiyo haifiki. Kampuni imejenga bwawa la kuogelea ambalo halimo kwenye kibali, cheti cha ukamilishaji hakitolewi. Jirani yako kaongeza chumba kinyemela, mradi mzima unasimama. Au kampuni inadaiwa kodi za serikali. Au haina haraka tu, maana hela yako imeshakula, na shamba likiendelea kuwa na jina lake inaweza kulikopea tena.

Sasa ugeukie mkopo wako mwenyewe. Na wewe hukuwa na hela taslimu, ukakopa. Benki kwa kawaida inashika hati yako mpaka umalize. Hati haipo, ikashika nini? Ikashika haki zako ndani ya mkataba. Kwa hiyo nyumba moja imebeba madeni mawili: lako, lililokalia mkataba, na la kampuni, lililokalia ardhi. Ukimaliza lako, benki inakurudishia haki za mkataba. Deni la kampuni linabaki palepale, na linahesabiwa kwanza kwa sababu liliandikishwa kwanza. Hata kama madeni yote mawili yako benki moja! Mamdogo nilipomweleza hapa alinyamaza, nikadhani simu imekatika.

Kinga ilikuwepo, nisiseme uongo. Sheria ya Saiprasi inamruhusu mnunuzi kupeleka mkataba wake Ofisi ya Ardhi ukaandikishwa. Zamani ilikuwa ndani ya miezi miwili tangu kusaini, na sheria ya mwaka 2011 ikaongeza kuwa miezi sita. Ukishaandikisha, kampuni haiwezi kumuuzia mwingine ikakupita, na madeni yanayokuja baadaye yanakaa nyuma yako. Tatizo ni yaliyotangulia. Rehani iliyowekwa kabla hujafika iko mbele yako. Mwenye wakili mzuri alidai barua ya benki ya kampuni ikiahidi kukiachia kiwanja chake akimaliza kulipa. Wengi hawakuidai, kwa sababu wakili wao alitafutwa na kampuni ileile iliyowauzia, wakamsainia hati ya uwakili na kurudi zao Uingereza na tiketi ya ndege mkononi.

Halafu kuna faranga. Hapa ndipo Babu aliumia kuliko pote.

Wanunuzi wengi wa miaka ya 2006 mpaka 2008 walishauriwa wakope kwa faranga za Uswisi. Riba yake ilikuwa chini, kila mtu akachekelea. Mwaka 2007 pauni moja ilikuwa inapata faranga kama 2.4. Tuchukue mkopo wa faranga 300,000: hiyo ni kama pauni 125,000. Dunia ikayumba kifedha mwaka 2008, watu wakakimbilia faranga, ikapanda. Katikati ya 2011 pauni ilikuwa inapata chini ya faranga 1.5. Piga hesabu: faranga zilezile 300,000 sasa ni zaidi ya pauni 200,000. Mtu kalipa miaka minne na deni limeongezeka, maana pensheni yake iko kwenye pauni! Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ikaacha kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, ikaruka tena siku hiyohiyo. Babu na mkewe waliuza nyumba yao ya Uingereza, wakahamia kwenye kifleti, tofauti ikaenda kwenye deni la Paphos.

Mwaka 2013 mabenki yenyewe yakaanguka. Mwezi Machi yalifungwa karibu wiki mbili, Benki ya Laiki ikavunjwa na mikopo mingi ikahamia Benki ya Saiprasi. Kampuni za ujenzi nazo zilikuwa hoi. Ikabidi serikali ikubali kwamba wanunuzi wamenaswa, na Septemba 2015 ikapitishwa sheria ya kumpa mkuu wa Ofisi ya Ardhi nguvu ya kuondoa rehani ya kampuni na kumhamishia nyumba mtu aliyelipa bei yote, mradi mkataba wake uliandikishwa kabla mwaka 2014 haujaisha. Wako waliopata hati kwa njia hiyo. Mabenki yakaipinga mahakamani, yakisema mnatunyang'anya dhamana yetu. Ukiyatazama kwa upande wao, hoja ipo. Ila mimi naona benki iliyomkopesha mjenzi huku ikijua anauza rejareja ilijua inachofanya.

Mamdogo akauliza swali la maana: si bora Babu angegoma kulipa mpaka aone hati? Wapo waliogoma, wakashtakiwa. Mkopo wako na benki ni mkataba mwingine kabisa, hausemi "nitalipa nikipata hati". Riba inakimbia, hukumu inatoka, na enzi Uingereza iko Umoja wa Ulaya hukumu ya Saiprasi ilikuwa inamfuata mtu mpaka mlangoni kwake. Bila kulipa bei yote hata ile sheria ya 2015 isingekusaidia. Kwa hiyo Babu hakukosea kulipa. Kosa lilikuwa siku ya kwanza, alipotoa hela bila kuangalia shamba lina deni la nani. Leo anachoweza ni kuhakikisha benki imeondoa jina lake kwenye mkataba kule Ofisi ya Ardhi na si kwenye barua tu, kisha aombe hati kupitia sheria hiyo. Mkataba wake uliandikishwa, hilo nimeshalithibitisha kwenye makaratasi aliyonitumia mamdogo.

Mwishoni ndipo mamdogo akatoa la moyoni. Kumbe analipia fleti Dar es Salaam, kwenye jengo ambalo bado ni picha kwenye kipeperushi. Awamu ya kwanza ameshalipa, ya pili inatakiwa mwisho wa mwezi. Bongo tuna sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu kila fleti kuwa na hati yake, lakini kabla ya hapo kuna hati ya kiwanja kizima, kama kule kule. Nikamuuliza, "Mamdogo, kiwanja hicho kina rehani?" Akasema, "Mwanangu, hata sikuuliza."

Tumemwandikia mwenye kampuni kuomba namba ya hati ili nikafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, na barua ya benki yake kama kiwanja kimewekwa rehani. Siku ya tisa leo. Amejibu mara moja tu, kukumbushia awamu ya pili. Mamdogo hajatuma. Mwenye uzoefu wa kupata barua ya namna hiyo hapa Dar aniandikie hapo chini, nina siku kumi na moja.