Nyasi inayokula faida ya mpunga Mchombe

Bei ya gunia ikishuka, wakulima wa kata ya Mchombe humlaumu mlanguzi. Hawajakosea sana. Ila sehemu ya faida huwa imeshaliwa shambani miezi kadhaa nyuma, katika zile wiki sita za kwanza mpunga unapogombea mbolea na mwanga na magugu. Mwaka 2009 watafiti Rodenburg na Johnson walikadiria kuwa mpunga wa bondeni uliopandwa kwa mbegu moja kwa moja, usipopaliliwa, hupoteza asilimia 28 hadi 89 ya mavuno.

Mwizi mmoja mkubwa ni nyasi ya msimu mmoja, Echinochloa colona. Ikiwa changa hufanana mno na mpunga, na kibarua anayelipwa kwa eneo hana muda wa kuichunguza. Kumbe dalili iko wazi. Pale jani la mpunga linapoachana na bua kuna kiulimi cheupe na vimasikio viwili vyenye vinyweleo. Nyasi hii haina kiulimi wala masikio. Ikishachanua kila mtu huijua, lakini imechelewa: mbegu zake huanza kupukutika kabla mpunga haujavunwa.

Hasara nyingine huanzia duka la pembejeo. 2,4-D ni dawa ya bei nafuu na inapendwa, lakini kazi yake ni magugu ya majani mapana na jamii ya ndago. Nyasi huiacha ikinawiri, tena bila washindani. Hivyo mkulima hulipia dawa, humlipa mpiga pampu, kisha hutafuta vibarua wa palizi wakati ambao kila jirani anawatafuta na ujira umepanda. Afadhali pendimethalini kabla magugu hayajaota, au bispairibaki nyasi ikiwa na majani machache. Ni ghali zaidi kwa chupa, lakini hesabu ya ekari ndiyo inayofaa kupigwa, na lebo iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, isomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Maji nayo ni dawa. Mbegu za nyasi hii huota kwa shida chini ya maji yaliyotuama, ndiyo maana aliyepandikiza kwenye majaruba yaliyosawazishwa hupalilia kidogo kuliko aliyemwaga mbegu. Kilimo shadidi cha mpunga, ambapo jaruba hukaushwa kwa zamu, kinataka tahadhari: likikauka, nyasi hupata nafasi. Mistari yake ya sentimita 25 ina maana pale tu kipalizi cha kusukuma kinapopita katikati yake, na kwa maoni yangu kikundi kinachofikiria mfuko mwingine wa urea kianze na kipalizi hicho.

Inabaki mbegu yenyewe. Mbegu ya mpunga ya SARO 5 inayopimwa kwa debe kwa jirani huweza kuja na mbegu za nyasi ndani yake. Ya mfuko wenye lebo ya taasisi ya kuthibitisha mbegu, TOSCI, imekaguliwa. Pawatila ya kukodi nayo ioshwe tope, maana hubeba mbegu hizo hizo, kabla ya kuingia jaruba la pili.