Tazama Moyo wa Mnazi, Si Makuti ya Chini

Kila masika yakipita, hapa kwetu Pwani huzuka swali moja. Watu wamepanda miche ya minazi, wengine wameinunua, wengine wamegaiwa, na sasa wanaizunguka asubuhi na jioni wakijiuliza: huu umeshika au umekufa? Kwa kuwa nilisomea kilimo hadi diploma, swali hili huniletea barazani kuliko jingine lolote.

Si swali dogo. Mnazi mrefu wa kienyeji, ule tulioachiwa na wazee, huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8. Ule mfupi huwahi, miaka 3 au 4. Aliyeng'oa mche uliokuwa hai amejirudisha nyuma msimu mzima. Anayeumwagilia mche uliokufa anapoteza maji na nafasi. Na huku minazi mizee inakatwa kwa ajili ya mbao na viwanja. Tusipojaza mapengo hayo kwa miche inayoishi, wajukuu zetu watalijua tui la pakiti tu.

Kwanza tuelewe mnazi ulivyo. Mwembe ukikatwa tawi, huchipua jingine. Mnazi hauna matawi. Unakua kutoka mahali pamoja tu, nao ni moyo, uliofichwa ndani katikati ya makuti. Kila kuti jipya hutoka humo. Moyo ukifa, mnazi umekwisha, hata kama makuti bado ni ya kijani. Moyo ukiwa hai, matumaini yapo hata makuti mawili matatu yakikauka.

Wengi wetu huanza kutazama makuti ya chini, na hapo ndipo tunapodanganyika. Mche ukihamishwa, mizizi hukatika, na baadhi ya mizizi iliyokatika hufa. Mnazi hulazimika kutoa mingine mipya. Kwa muda huo hauwezi kuyanywesha makuti yote, basi huyaachilia yale ya zamani. Kuti la chini likipiga manjano usikimbilie panga. Mnazi unalinyonya chakula kilichobaki ili ukipeleke kwenye makuti machanga. Lingoje likauke kabisa ndipo ulikate.

Rangi ya kijani nayo si ushahidi. Mche mdogo hula kutoka kwenye nazi yake kupitia joya, na akiba hiyo huweza kuulisha kwa mwaka na zaidi. Kwa hiyo mche wenye mizizi iliyooza huweza kupendeza kwa wiki nyingi. Ndiyo maana pia hatuibandui nazi tunapopanda. Hata ile minazi mikubwa inayohamishwa kupamba mahoteli ni hivyo hivyo: shina lina akiba ya maji na chakula, na mti huweza kusimama kijani kwa miezi ilhali hautoi kuti jipya hata moja.

Basi tutazame nini? Tutazame lile kuti la katikati ambalo halijafunguka, limesimama wima kama upanga ulio alani. Mimi naliita kuti la moyo. Lifanyie mambo matatu.

La kwanza, litie alama. Chukua rangi, hata ya kucha, uchore mstari mmoja unaopita kwenye kuti la moyo na kwenye bua la kuti lililo jirani. Rudi baada ya wiki mbili au tatu. Mstari wa kuti la moyo ukiwa umepanda juu ukaachana na mwenzake, mche unakua. Mche uliohamishwa juzi huweza kutulia kwa muda, basi usihukumu kwa kipimo kimoja. Rudia.

La pili, livute kwa vidole viwili, taratibu. La mche mzima hushikilia. Likikutoka mkononi, chini limeoza na linanuka, moyo umeshaliwa na ugonjwa. Huo ng'oa, uuchome.

La tatu, tazama makuti yanayofunguka. Ukiona yamekatwa pembe pembe kama kwa mkasi, huyo ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Tafuta tundu lenye nyuzi zilizotafunwa, umtoe kwa waya uliopindwa ncha. Kisha safisha shamba, kwani chonga huzaana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi.

Mwaka jana shangazi yangu, huko upande wa Kilifi, alikuwa na miche 30 na tayari ameamuru 11 iliyopiga manjano ing'olewe. Nikamwambia, "Shangazi, niachie wiki tatu." Tukaitia alama yote. Katika ile 11, minane ilisogea. Na mmoja katika ile ya kijani, ambao yeye mwenyewe akiusifia kwa wageni, kuti lake la moyo lilinitoka mkononi limeoza.

Mche ukiwa haukui lakini moyo haujaoza, angalia chini. Je, ulipandwa kwa kina mno, mchanga ukaingia moyoni? Fukua mpaka shingo ya mche iwe sawa na ardhi. Je, maji yanatuama? Yatolee njia. Je, mchwa wameanza kuila nazi yenyewe? Waondoe kabla hawajafika kwenye shina. Na kama udongo ni mkavu, mwagilia, halafu funika pembeni kwa makumbi au makuti makavu bila kuyagusanisha na shina.

Hukumu ya mwisho iache kwa kaskazi. Mche uliopandwa mwanzo wa masika una miezi ya mvua ya kutoa mizizi kabla ya jua kali la Januari na Februari. Ukivuka jua hilo huku ukitoa makuti mapya, huo umeshika. Kabla ya hapo, ndugu yangu, weka panga chini, uchukue rangi ya kucha.