Mtuya wa Dhahabu: Pambo la Ua Lisilopukutika



Katika vitalu vya miche vya hapa Pwani huonekana mti mfupi, mnene, wenye umbo la yai na majani ya rangi ya dhahabu. Jina lake la kitaalamu ni Platycladus orientalis. Hapa tutauita mtuya. Mama wa nyumba huununua kwa fedha alizodunduliza, na kabla mwaka haujaisha dhahabu imegeuka kahawia. Aghalabu ila si ya mti, bali ni ya pahali ulipowekwa.

Asili yake ni Uchina na Korea. Ni jamaa wa misipresi, nao hubaki na majani mwaka mzima. Vitawi vyake ni bapa, vimesimama wima mfano wa kurasa za kitabu. Usichanganywe na mvinje wa ufukweni: mvinje, japo una sura ya msonobari, ni katika miti itoayo maua.

Kwanza, jua. Rangi ya dhahabu huletwa na jua. Chini ya kivuli cha mwembe mti hugeuka kijani na kulegea. Ukingwe kwa ukuta dhidi ya upepo wa bahari, kwani chumvi huunguza ncha za majani.

Pili, udongo. Ardhi yetu ya matumbawe, yenye chokaa, haiudhuru; kinachouua ni maji yaliyotuama mizizini. Chimba shimo lenye upana maradufu ya mfuko wa mche, uchanganye udongo na samadi iliyooza vyema.

Tatu, maji. Katika mwaka wa kwanza, wakati wa kiangazi, nywesha kwa wingi mara mbili kwa wiki, badala ya kidogo kidogo kila siku, ili mizizi ishuke chini. Maji yaliyooshea mchele na mboga yanafaa. Hapana haja ya israfu katika miji ambayo mifereji hukauka.

Nne, mkasi. Punguza ncha za kijani tu. Tawi likikatwa hadi penye ukuni usio na majani, halichipui tena, na pengo hubaki.

Mwaka 1990 kidukari cha msipresi kiliingia Kenya, kikaangamiza nyua nyingi za misipresi huko bara. Mtuya nao huweza kushambuliwa. Kagua ndani ya matawi. Ukiona wadudu wa kahawia na utomvu unaonata, uoshe kwa maji ya sabuni. Watoto nao wakatazwe kutafuna majani yake, kwani yana sumu.

Mnazi hutupa chakula na mwarobaini hutupa dawa. Mtuya hautupi ila utulivu wa macho. Lakini chochote kilicho hai, ukishakileta nyumbani, ni amana. Basi tazama kwanza pahali penye jua na pasipotuama maji, kisha ndipo ufungue mkoba.

Wabillahi taufiq.