Tanzania: Mkulima, Serikali na Bei ya Kariakoo

Mkenya anayetaka kuijua Tanzania ya wakulima na aanzie soko la Kariakoo. Bajeti husomwa Dodoma, ila matunda yake huonekana katika mitaa ya Mkunguni, Swahili, Nyamwezi na Tandamti, katikati ya Dar es Salaam. Hapa hufika viazi vya Njombe, nyanya za Ilula, mchele wa Kyela na Mbarali, machungwa ya Muheza, vitunguu vya Mang'ola. Msomaji wa Nairobi au Mombasa asivione vyakula hivi kuwa vya watu wa mbali. Machungwa hayo hayo na vitunguu hivyo hivyo huvuka Namanga na Holili hadi Wakulima Market na Kongowea, na mahindi ya kusini mwa Tanzania yamekuwa yakituokoa kila mvua zinapotunyima. Machi 2021 serikali yetu ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, zuio hilo halikumaliza hata wiki mbili kabla ya kulegezwa kwa masharti.

Soko lenyewe ni jengo la kuheshimiwa. Alilisanifu Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, akaliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege inayokinga mvua na kuteremsha maji hadi kwenye tangi. Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975. Chini ya ardhi kuna Shimoni, ambako mizigo ya jumla ilikuwa ikishushwa na madalali kupanga bei. Moto wa Julai 10, 2021 uliteketeza sehemu kubwa, wafanyabiashara wakahamishiwa kwingine, na ukarabati wa mabilioni ya shilingi ukafuata. Hata hivyo biashara ya Kariakoo haikuwahi kukaa ndani ya jengo moja. Imeenea mitaani, na miongoni mwa maduka ya vitenge na vyombo yapo maduka ya pembejeo yanayouza mbegu, dawa, mabomba ya kupulizia na mbolea. Mkulima wa bustani wa Mkuranga au Kibaha hushuka na kapu la mchicha na kurudi na pakiti ya mbegu.

Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, una kumbukumbu nyingine. Hapo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa Julai 7, 1954, na hapo karibu, upande wa Mnazi Mmoja, lipo Jengo la Ushirika. Majirani hawa wawili, chama na ushirika, wameishi kwa mvutano muda mrefu. Wachaga walikuwa na ushirika wao wa kahawa, KNCU, tangu 1933, na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wakaungana chini ya Paul Bomani miaka ya 1950. Vyama hivyo vilikusanya fedha na kusomesha watoto bila kumngoja mkoloni. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote na kuweka mamlaka za mazao mahali pao. Mkulima akabaki na mnunuzi mmoja, bei moja, na malipo yanayochelewa. Sheria ya 1982 ilivirudisha, lakini imani haikurudi kwa sheria. Nimeitaja historia hii kwa sababu kila mpango wa kilimo wa Tanzania ya leo unabeba swali lake: nani ashike fedha ya mkulima?

Kuhusu kiasi cha fedha, mabadiliko ya miaka ya karibuni ni makubwa kweli. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka wa fedha 2021/22. Mwaka uliofuata, Hussein Bashe akiwa waziri, ilipanda hadi bilioni 954, na kufikia 2024/25 ilikuwa imepita trilioni 1.2. Shilingi yetu moja ni kama 20 za huko, kwa hiyo msomaji anaweza kukokotoa mwenyewe. Sehemu kubwa ilielekezwa kwenye umwagiliaji, na nyingine kwenye mashamba makubwa ya vijana ya mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, yaliyoanza Dodoma mwaka 2023. Mashamba hayo bado ni machanga. Nisingewashauri magavana wetu kuyaiga kabla hayajatoa mavuno ya misimu kadhaa.

Mbolea ndiyo iliyomgusa kila mtu. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita shilingi 120,000. Agosti 8, 2022, siku ya wakulima ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku huko Mbeya, na mfuko ukashuka hadi kama 70,000. Namna ya kuigawa ndiyo inayostahili kutazamwa. Zamani, kati ya 2008 na 2014, Tanzania iligawa vocha za karatasi, na vocha zikaishia mikononi mwa wasiolima. Safari hii mkulima huandikishwa kijijini pamoja na ukubwa wa shamba lake, hupewa namba, kisha hununua kwa wakala aliyeidhinishwa, na serikali humlipa mfanyabiashara tofauti ya bei. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu. Mawakala walikuwa wachache na mbali, mtandao ulikatika, watu wa Ruvuma na Songwe wakapanga foleni usiku huku mvua imeshaanza. Mbolea inayofika baada ya mahindi kufika kiunoni haimsaidii mtu. Misimu iliyofuata mawakala waliongezeka na daftari la wakulima likasafishwa.

Nasi tunayo ruzuku. Mwaka 2022 bei ilishuka hadi 3,500 za Kenya kwa mfuko, kisha 2,500 mwaka uliofuata. Lakini mwaka 2024 mifuko isiyofaa iliuzwa kupitia mpango huo huo, Bunge likamjadili waziri, na wakulima wakaahidiwa fidia. Ulinganisho huu unauma, ila ni wa haki.

Sasa korosho, ambayo ndiyo somo lenyewe. Zao hili la Mtwara, Lindi na Ruvuma huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, hupimiwa, hupewa stakabadhi, na mzigo huenda ghala kuu. Vyama vikuu kama TANECU, MAMCU na RUNALI huitisha mnada. Bei husomwa mbele ya wakulima wenyewe, nao wana haki ya kuikataa. Wakikubali, fedha huingia benki baada ya makato. Utaratibu huu ulianza kwenye korosho mwaka 2007 ili kumkomesha mnunuzi wa kangomba, yule anayepita vijijini wakati wa njaa na kununua kwa bakuli zao lililo bado mtini.

Korosho ghafi ikitoka nje ya nchi hutozwa ushuru wa asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Kwa miaka mingi asilimia 65 ya fedha hiyo ilirudi kwenye zao: utafiti, miche, salfa ya kupulizia mikorosho. Juni 2018 serikali ilibadili sheria na fedha yote ikaingia mfuko mkuu. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu, wakashindwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu, kuliko hata yale yaliyofuata, maana ilimtenga mkulima na akiba iliyotokana na jasho lake.

Yaliyofuata yalisikika dunia nzima. Oktoba 2018 wanunuzi walikuja na bei ya chini, wakati msimu uliotangulia ilikuwa imefika hadi 4,000 kwa kilo. Wakulima wa Newala na Tandahimba wakaikataa. Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa waziri wa kilimo na waziri wa viwanda na biashara, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, na malori ya Jeshi la Wananchi yakaenda kuzibeba. Vijijini watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Kisha uhakiki ukaanza. Aliyepeleka mzigo mkubwa aliulizwa shamba lake liko wapi, ili wa kangomba wasilipwe. Wengi waliokopa kwa jirani, waliolima shamba la urithi lisilo na karatasi, walijikuta wakijieleza kama washtakiwa. Wengine walilipwa mapema. Wengine walingoja hadi msimu mwingine ukapita. Korosho zikalala maghalani, na mkataba wa tani 100,000 uliotiwa saini Januari 2019 na kampuni moja kutoka kwetu Kenya ukavunjika bila mzigo kununuliwa.

Serikali ilirudi kwenye mnada. Baadaye sehemu ya ushuru ikarejeshwa kwenye kilimo na salfa ikaanza kugawiwa bure. Msimu wa 2024/25 ulivuka tani 500,000, wingi usiopata kuonekana, na minada ya mwanzo ilifungua kwa zaidi ya 4,000. Mikorosho ni ile ile na wakulima ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba serikali ilikaa kwenye mizani na kuacha kushika mkoba.

Visiwani Zanzibar mambo ni tofauti. Karafuu ya Unguja na Pemba hununuliwa na shirika moja la serikali, ZSTC, tangu 1968. Kwa miongo mingi bei ilikuwa duni, na karafuu zikavushwa kwa mashua usiku hadi pwani yetu; wazee wa Vanga wanalijua hilo. Mwaka 2011, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, bei ilipandishwa hadi 15,000 kwa kilo, na magendo yakapungua sana. Mchumaji anayeanguka mkarafuuni naye hupewa fidia. Ni utaratibu mzuri ambao wachuma nazi wetu wa Kilifi hawaujui.

Katika fidia nyingine Tanzania iko nyuma. Tembo akila shamba, kanuni za 2011 zilitoa kifuta jasho kwa kiwango kilichopanda kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na hakikuzidi shilingi 100,000 kwa ekari. Aliyelima karibu kabisa na mpaka hakupata chochote, naye ndiye tembo humfikia kwanza. Aliyeuawa, familia yake ilipewa shilingi milioni moja. Sheria yetu ya 2013 inasema milioni 5 za Kenya, ingawa jamaa za waliouawa Taita Taveta na Kajiado hungoja miaka. Kwa ardhi inayotwaliwa, Tanzania inalazimika kulipa ndani ya miezi 6 ya uthamini, la sivyo riba huhesabiwa, na uthamini usiolipwa kwa miaka 2 hufutika. Watu hukaa wakingoja bila kupanda mti wala kuongeza chumba.

Rudi mitaani Kariakoo uone kinachobaki bila ulinzi. Vitunguu, nyanya na viazi havina mnada wala stakabadhi. Vinafika vimefungwa lumbesa, gunia lenye kilemba, ingawa Wakala wa Vipimo unalikataza. Ushuru wa mazao umeshushwa kutoka asilimia 5 tangu 2017, lakini dalali hajashushwa. Bei hupangwa mkulima akiwa hayupo.

Kenya tunayo Sheria ya Stakabadhi za Maghala tangu 2019, na maghala ya Bodi ya Nafaka yamesimama Kitale, Eldoret na Bungoma. Wabunge wa kaunti za mahindi waende Newala msimu wa mnada, Oktoba, wakae kwenye viti vya plastiki na wakulima wasikilize bei ikisomwa. Wakirudi, waiulize wizara yetu ni wakulima wangapi wa Trans Nzoia wamewahi kuuza kwa stakabadhi hiyo, na kwa nini si wote.